Mstari wa Mwisho wa Ambrose Pell

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, na katika studio nzima hakukuwa na uso uliopendwa na kamera kuliko wangu. Sijisifu. Walioandika hivyo ni wao wenyewe, kwenye mabango marefu kama nyumba, chini ya jina langu, Ivor Prothero. Nilizaliwa kwenye bonde la makaa ya mawe huko Wales. Watu wa filamu waliniokota London kwa sababu niliweza kuogelea na kupanda farasi, na kabla sijajua uma wa samaki ni upi, nilikuwa Hollywood nikipigana kwa panga na maharamia. Jukwaa la tamthilia sikuwahi kulikanyaga hata siku moja, na nilidhani sikukosa kitu.

Ndipo akaja Ambrose Pell.

Alikuja Jumatatu saa moja asubuhi, amevaa koti zito la sufu katika joto la California, bakora mkononi, birika lake la chai kwapani. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Arobaini na miwili kati ya hiyo aliimaliza jukwaani, akizunguka Uingereza na vikundi vya tamthilia, akila sumu Jumatatu, akioa Jumanne, akinyongwa Jumatano mara mbili, mchana na usiku. Katika filamu hakuwa ameonekana hata kwa kufumba na kufumbua. Bosi mmoja wa studio alimwona jijini Leeds akiwa safarini, akalia, akampa mkataba kabla machozi hayajakauka.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa filamu moja tu. Akifaulu, angepewa mwingine wa miaka mitano. Akishindwa, tiketi ya meli ya kurudi ilikuwa tayari kwenye bahasha, na kila mtu pale alijua kwamba huko hakukuwa na pa kurudi, kwa maana majumba yake ya tamthilia yalikuwa yamegeuzwa sinema moja baada ya jingine.

"Zimenimezea majumba kumi na moja, hizi filamu zenu," aliniambia tulipopeana mikono. "Sasa nimekuja tumboni mwao kuyatafuta."

"Na tumbo likikutapika, mzee?"

"Kijana, mimi nimecheza mjini Dundee siku ya mvua mbele ya watu tisa na mbwa. Wale tisa waliondoka mmoja mmoja. Mbwa alibaki mpaka mwisho. Baada ya hapo, sioni tumbo la kunitisha."

Nilicheka. Nilimpenda hapo hapo, jambo ambalo halikunizuia kumponza siku hiyo hiyo.

Filamu ilihusu jaji mstaafu na mjukuu wake mkorofi. Mjukuu nilikuwa mimi. Mwishoni ninamtukana mzee, ninatoka mlangoni kwenda baharini kutafuta maisha, na mtumishi anashika mlango ili aufunge. Jaji anamzuia kwa maneno machache, na filamu inaishia hapo. Tulianza na mwisho huo, kwa sababu ukumbi ule tulioujengea sebule na mlango wa jaji ulikuwa umeahidiwa filamu nyingine, ya askari wa Kirumi, na maseremala walitakiwa waibomoe nyumba yetu Jumatano. Sisi watu wa filamu hatushangai mambo hayo. Tunazikwa Jumatatu na kuzaliwa Ijumaa. Lakini Pell aliuliza mara mbili.

"Mwisho? Leo?"

"Leo."

"Kabla ya mwanzo?"

"Mlango unavunjwa keshokutwa, rafiki yangu," alisema Roscoe Tully. "Mwanzo hauvunjwi na mtu."

Tully ndiye aliyekuwa mwongozaji. Alikuwa mtu wa Nebraska, mfupi, mpana, uso mwekundu, na kila alipoanza filamu alivaa sweta moja la kijani lililotoboka viwiko na kunuka kama zizi. Alikuwa na sheria moja: kamera yake haianzi kupiga mpaka mazoezi yaende safi mara mbili mfululizo, kila neno mahali pake. Aliwahi kuteketeza filamu ya siku tatu kwa ajili ya mlevi mmoja asiyejua maneno yake, akaapa hilo halitajirudia mpaka aingie kaburini.

Tukaanza mazoezi. Nilikuwa nimezoea waigizaji wanaosubiri zamu yao ya kusema. Huyu alikuwa anasikiliza. Nilipomtukana aliyapokea matusi kana kwamba ndiyo kwanza yanatungwa, hata nikaona haya kidogo. Sauti yake ndiyo iliyotusumbua mwanzoni, maana aliitoa kifuani na ikagonga paa.

"Nimekusikia, mzee!" fundi wa taa alipiga kelele kutoka juu. "Na mke wangu amekusikia, yuko nyumbani Pasadena!"

"Punguza, rafiki," alisema Tully. "Maikrofoni iko juu ya pua yako."

Pell akainua macho, akakitazama kile chombo kinachoning'inia, akakiinamia kidogo kwa heshima, na tangu hapo akaongea kama mtu aliye sebuleni kwake. Ilimchukua dakika moja. Nawajua watu waliojaribu miaka kumi.

Tukafika mwisho. Nikatoka mlangoni. Mtumishi akashika kitasa. Pell akainua bakora, mtumishi akasimama, sote tukangoja.

"Na kadhalika, na kadhalika," alisema Pell, akainama.

Watu wakacheka. Tully naye alicheka. Tukarudia. Mara ya pili alipofika pale aliimba kidogo: "Ta-ra-ra-ra." Wachache walicheka. Mara ya tatu alisema, "Na hapa nasema ninachosema."

"Basi kiseme," alisema Tully.

"Nitakisema."

"Lini?"

"Wakati wake ukifika, bwana mpendwa."

Bi. Hattie Brandt, karani wa mswada, mwanamke aliyeandika kila neno na kila kifungo cha shati tangu filamu hazijapata sauti, alimhurumia. Akafungua ukurasa wa mwisho ili amkumbushe. Hakuwa amemaliza neno la kwanza Pell alipomrukia kwa mkono ulioinuliwa, uso umempauka.

"Bibi, nakusihi! Usilitamke!"

Tulimwona ni mzee anayeona aibu kukumbushwa. Bi. Hattie akaandika kitu kwa penseli, polepole, kama mtu anayeandika jina la marehemu.

Wakati wa chakula habari ilikuwa imeshafika jikoni. "Kaishiwa," walisema. "Kichwa kimekuwa kichungio." Tully akanivuta kando, mkate wa nyama mkononi.

"Wewe ni Mwingereza mwenzake."

"Mimi ni mtu wa Wales."

"Kisiwa ni kimoja. Nenda kamsikilize. Nataka kujua kama kichwa chake kimekufa chote au nusu."

Nilimkuta Pell chumbani kwake amekaa kando ya birika linalochemka. Meza yake ilikuwa na mguu mmoja mfupi, kila alipomimina chai kikombe kiliteleza, naye akakidaka bila kukitazama.

"Umetumwa," alisema.

"Nimetumwa."

"Basi uliza. Ukurasa gani?"

Nikamtajia ukurasa wa arobaini. Akausema. Wa kumi na mbili. Akausema, wake na wangu. Akasema maneno ya mpishi, ya kasisi, ya msichana wa maziwa. Nilipojaribu kumjibu kwa maneno yangu mwenyewe nilikosea, akanisahihisha. Miaka mingi nimejifunza mashairi peke yangu, bila mwalimu, nikiyakariri kimoyomoyo shimoni mwa makaa, na ninajua kumbukumbu ni misuli. Misuli ya mzee yule ilikuwa ya farasi.

"Na mstari wa mwisho?" nikauliza.

Akaweka kikombe. Kikateleza. Hakukidaka, kikavunjika.

"Huo umelala," alisema. "Usiuamshe."

"Lakini unaujua?"

"Unamwuliza mwokaji kama anajua unga?"

"Basi useme. Tuko wawili tu hapa."

"Ndiyo maana siusemi."

Nilimwuliza mara ya tatu. Akaanza kuokota vigae vya kikombe. Mimi nikasikia jibu la mtu anayekwepa, kwa sababu nilikuwa kijana, na kijana akisikia asichokielewa husema hakina maana. Nikaenda moja kwa moja kwa Tully.

"Anajua kila kitu isipokuwa mstari wa mwisho."

"Una hakika?"

"Kabisa," nikasema, kifua mbele. "Nimemwuliza mara tatu."

Jumanne asubuhi Tully alimwambia mwenyewe, na nakiri alimwambia kwa upole. "Pole, rafiki. Ni umri. Hakuna anayekulaumu. Tumemwita mtu mwingine." Bahasha yenye tiketi ilikuwa tayari mkononi mwake.

Pell akaipokea. Alinyooka mpaka akaonekana mrefu kuliko jana.

"Naweza kukaa nimtazame mwenzangu anavyofanya?" aliuliza. "Nimetoka mbali."

Akapewa kiti cha turubai nyuma kabisa, nyuma ya taa. Nilipita mbele yake bila kumwangalia. Nilihisi macho yake mgongoni, nikaongeza mwendo.

Aliyeitwa ni Peregrine Stroud, nahodha wa timu yetu ya kriketi ya kila Jumapili, Mwingereza mrefu, mkavu, mwenye kioo cha jicho moja. Kila filamu iliyohitaji bwana mkubwa wa kuchomwa kisu ilimwita yeye. Naye alitoka jukwaani, ila alikuwa Hollywood miaka minane sasa, na kwa miaka minane hiyo hakupata kazi iliyozidi kurasa tano. Aliambiwa Pell ameugua. Usiku mmoja ulimtosha kukariri. Alipovaa joho la jaji, mikono yake ilikuwa inalipapasa kama mtu anayepapasa farasi anayetaka kumnunua.

Tukaanza. Nikamtukana, akanijibu vizuri, bila kosa. Nikatoka. Mtumishi akashika kitasa. Stroud akainua bakora. Nikiwa nje ya mlango nikamsikia Tully akivuta pumzi.

"Tumti-tumti-tum," alisema Stroud, na kuinama.

Penseli ya Bi. Hattie ilianguka. Ilisikika ikiviringika sakafuni mpaka ilipogota ukutani.

"Na wewe?" Tully alisema.

"Na mimi nini?"

"Mstari!"

"Mstari upi?"

"Wa mwisho, Stroud! Wa mwisho!"

"Ah, ule. Ule siusemi, bila shaka."

"Kwa nini husemi?"

"Kwa sababu ni wa mwisho," alisema Stroud, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kwa nini hanywi supu kwa uma.

Hapo ndipo tuliposikia kicheko kutoka nyuma ya taa. Pell alikuwa amejikunja kitini, leso machoni, mabega yakimtikisika. Stroud akaweka mkono juu ya kioo chake, akachungulia gizani.

"Ambrose? Ambrose Pell? Si wameniambia unaumwa?"

"Naumwa, Perry. Ugonjwa wenyewe ndio huo uliokushika na wewe sasa hivi."

Tully alivua kofia, akaitupa chini. "Mmoja wenu anieleze, kabla sijaua mtu."

Aliyeeleza ni Stroud. Mwigizaji wa jukwaani, alisema, hatamki maneno ya mwisho ya tamthilia wakati wa mazoezi. Kamwe. Hufika pale akasema upuuzi wowote, na wenzake wote wanaelewa. Maneno yale husemwa kwa mara ya kwanza usiku wa kwanza, mbele ya watazamaji, kwa sababu tamthilia iliyokamilika kabla watu hawajaja kuitazama imeshakufa, na kazi inayobaki ni kuizika. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Unalikuta, kama unavyokuta sakafu.

"Umecheza filamu ishirini na mbili hapa," Tully alimwambia. "Sijawahi kukuona ukifanya hivi."

"Sijawahi kupewa mstari wa mwisho, bwana. Mimi huwa nimeshakufa mapema."

Tully akamgeukia Pell. "Na wewe ulishindwa kunieleza?"

"Hukuniuliza," alisema Pell akisimama. "Uliniambia. Ulisema ni umri. Mtu akishaambiwa kichwa chake kimeoza, maelezo yote yatakayotoka kichwani humo yatanuka. Nikaona heri ninyamaze."

Nilihisi masikio yangu yakiwaka. Lakini Tully hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu hamsini.

"Vizuri. Nimeelewa. Sasa mnielewe na mimi. Hii si tamthilia. Hapa hakuna usiku wa kwanza, hakuna pazia, hakuna watazamaji. Kuna mlango unaovunjwa kesho. Na sheria yangu ni sheria yangu: mazoezi safi mara mbili, kila neno. Atakayeusema mstari huo hapa, sasa hivi, kazi ni yake. Sijali ni nani."

Wote wakamtazama Stroud, maana yeye ndiye aliyevaa joho. Alikuwa akiitaka kazi ile. Nilimwona akifungua midomo kidogo. Kisha akamtazama Pell.

"Ambrose. Ulikuwa Huddersfield mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa kumi na moja."

"Nani aliusema mstari kwenye mazoezi?"

"Mimi. Nilikuwa nikimwonyesha msichana mmoja kwamba siogopi. Siku tatu tu, tamthilia ikafungwa."

"Mimi niliusema mjini Hull. Wiki moja, nayo ikafungwa."

Wakatikisa vichwa kama watu waliokutana matangani. Stroud akavua joho taratibu, akavuka ukumbi, akamvika Pell mabegani, akamnyoosha kola.

"Hili lina mwenyewe," alisema. "Mimi linanibana kwapani."

"Basi wewe, Pell," alisema Tully. "Useme."

Usidhani mzee alikuwa jiwe. Bahasha ilikuwa imechomoza mfukoni mwake na aliigusa mara moja, kwa kidole kimoja.

"Nipe watazamaji, na mimi nitakupa mstari," alisema. "Hata wakiwa tisa. Hata wakiwa na mbwa."

"Hapana."

Hapo damu ya bonde la makaa ilinipanda. Nilitoka nyuma ya mlango wa mbao nikaja mpaka katikati ya taa.

"Bwana Tully, mimi ndiye niliyekwambia hajui. Nilikudanganya bila kujua, kwa sababu nina uso mzuri na masikio ya punda. Washa kamera. Mpe watu, mpe nafasi moja. Asipousema, mkataba wangu uko ofisini, nenda ukauchane. Nitoe kwenye mabango yote. Nitarudi kuchimba makaa, na nitachimba vizuri kuliko unavyoongoza!"

"Umelewa, Ivor?"

"Chai tu."

Sijui angenijibu nini, maana Bi. Hattie alisimama. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akisimama wakati wa kazi.

"Roscoe," alisema. "Hilo sweta lilifuliwa lini?"

"Nini?"

"Sweta. Mimi naandika kila kifungo, hata chako. Miaka tisa, filamu kumi na saba, kila siku ya kwanza ni hilo. Mkeo alipolifua mwaka juzi, nani aliyetuambia tupumzike siku mbili mpaka harufu yake irudi?"

Fundi wa taa kule juu alicheka kwanza, kisha mtumishi, kisha wote. Uso wa Tully ulipita wekundu ukaelekea zambarau.

"Hilo ni jambo tofauti kabisa."

"Kabisa," alisema Bi. Hattie, akaketi, akaokota penseli yake.

Tully alijinusa bega. Nadhani hata hakujua kama anafanya hivyo. Akaokota kofia.

"Watu tisa, ulisema?"

"Na mbwa," alisema Pell, "kama yupo."

Nilikimbia hadi uwanja wa jirani. Askari wa Kirumi walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya kuta wakila donati, wakingoja tuwaachie ukumbi wetu. Nikawaambia kuna tamthilia ya bure, ya mstari mmoja. Wakaja arobaini, na watawa watatu kutoka filamu nyingine, na washona nguo na sindano zao vifuani, na mbwa mmoja mwenye mkataba, ameongozana na mlezi wake. Stroud alisimama mlangoni akiwapangia viti, yaani masanduku na ngazi, kwa adabu ya jumba la kifalme. "Polepole, mabwana. Mikuki chini. Mama watawa, huku mbele, mtaona vizuri. Wewe askari, meza hiyo donati, usitafune."

Pell alisimama katikati ya sebule ya jaji, joho limemkaa. Akamwita Tully.

"Mtazamaji aliye mbali kuliko wote amekaa wapi?"

Tully alifikiri. Kisha akaenda akaweka kiganja karibu na jicho la kamera. "Hapa. Hawa wengine ni wageni wako. Mtu wako ni huyu."

Pell alipima nafasi ile kwa bakora. Hatua tatu. "Basi yuko karibu," alisema. "Huyu sina haja ya kumpigia kelele."

Kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka, kibao cha kuanzia picha kikagongwa. Nikamtukana mzee kwa maneno yaliyoandikwa. Nikatoka mlangoni. Nje ya mlango ule hakukuwa na dunia. Kulikuwa na turubai, ndoo ya rangi, na waya. Nilitakiwa nisimame pale, nimeupa mlango mgongo, nisigeuke. Nikasikia mkono wa mtumishi ukishika kitasa. Nikasikia bakora ikigonga sakafu mara moja.

Mstari ule nilikuwa nimeusoma mara mia, nikauona wa kawaida tu, vipande viwili vilivyolingana kama vibaba kwenye mizani. Pell aliutoa taratibu, bila huzuni, kama mtu anayemwagiza mtumishi aongeze kuni.

"Acheni mlango wazi. Atarudi ana njaa."

Niliondoka kwa baba yangu bila kuaga. Hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote katika mji ule. Nilisimama nikiikodolea macho ndoo ya rangi, na nilikuwa na njaa.

Tully hakuamuru kukata picha. Kamera iliendelea kupiga. Ndipo mlango wa kibanda cha sauti ukafunguka, fundi akatoa kichwa, uso umemjaa huzuni.

"Samahani, jamani. Ndege. Imepita juu kabisa ya neno njaa."

Ukumbi mzima uliguna. Tully alijishika kichwa. Mimi nilijua: mzee amesubiri, ameusema mara moja, na hiyo mara moja imeliwa na ndege ya barua. Nikachungulia mlangoni.

Pell alikuwa akiwatazama watu wote kwa mshangao.

"Mbona mmekaa kama mko msibani? Tena!"

"Utausema tena?" aliuliza Tully.

"Bwana mpendwa, usiku wa kwanza si umeshapita? Sasa nitausema kila utakaponiambia. Jumatano mara mbili."

Aliusema mara kumi na moja. Mara ya nne taa ilipasuka. Mara ya sita mkuki wa Mrumi mmoja ulianguka. Mara ya saba mbwa alibweka, na Pell akainua kidole. "Yule ananijua," alisema, "tulikutana Dundee." Kila mara sauti ilikuwa ile ile, mkono ule ule, kimya kile kile kabla ya neno la mwisho, na kila mara ungedhani ni mara ya kwanza mlango unashikwa. Bi. Hattie aliacha kuandika mara ya tisa. Aliniambia hakukuwa na tofauti ya kuandika. Walipomaliza, Warumi walisimama na kupiga ngao zao kwa panga za mbao, na Pell akawainamia, kisha akaigeukia kamera akaiinamia nayo.

Saa kumi jioni tulikuwa chumbani kwake: Stroud, Bi. Hattie, mimi, na Tully mwenyewe, amekaa juu ya sanduku na sweta lake, dirisha limefunguliwa kwa ajili hiyo. Birika lilichemka. Vikombe vilikuwa vinne, kile cha tano nilikuwa nimekivunjisha mimi, kwa hiyo nikanywea kopo la kunyolea.

"Keshokutwa tunaanza onyesho la kwanza," alisema Tully. "Niambie mapema. Mwanzo nao una mwiko?"

"Mwanzo?" Pell alimimina. Kikombe kikateleza, akakidaka. "Hapana, bwana. Mwanzo mtu anaanza tu, hata akiwa na miaka sitini na tatu."

Kisha akaichomoa ile bahasha mfukoni, akaikunja mara nne, akainama kwa shida, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Akajaribu meza kwa kiganja. Ilitulia. Akaniomba sukari.

Meza ile haikutikisika tena kwa miaka mitano, na baada ya hiyo, mingine saba.